Wasiddi wa India na Methali Isiyowatosha

"Mwacha asili ni mtumwa" ni miongoni mwa methali ambazo mwanafunzi wa Kiswahili huzikariri tangu akiwa shule ya msingi. Hutumiwa kumkemea kijana anayeionea haya lugha ya mamake, au msomi aliyerejea kutoka ng'ambo akijifanya kusahau mila za kwao. Ni nadra methali hii kutazamwa kutoka upande wa pili. Je, mtu aliyefanywa mtumwa kwanza, kisha akapokonywa asili yake, anaingia wapi katika hukumu hiyo? Na vitukuu vyake waliozaliwa katika nchi nyingine, wakaipenda na kuijenga, wahesabiwe kuwa wameacha nini? Maswali haya si ya kubuni. Kuna jamii nchini India ambayo maisha yake ya kila siku ni jibu la maswali hayo. Jamii hiyo ni ya Wasiddi.

Wasiddi ni Wahindi wenye asili ya Kiafrika. Wengi wao huishi katika jimbo la Gujarat, penye vijiji kama Jambur na Sirwan karibu na msitu wa Gir, na katika jimbo la Karnataka, hususan kwenye misitu ya wilaya ya Uttara Kannada. Wengine hupatikana Hyderabad, Mumbai na Diu. Idadi yao ni makumi ya maelfu tu katika taifa lenye watu zaidi ya bilioni moja. Jina lao, kwa maoni ya wataalamu wengi, lina asili ya Kiarabu na lina maana ya bwana, na ni ndugu wa neno "seyyid" linalojulikana sana Lamu na Unguja. Wale wa Gujarat huzungumza Kigujarati. Wale wa Karnataka huzungumza Kikonkani na Kikannada, miongoni mwa lugha nyingine za huko. Kiswahili hawakizungumzi.

Licha ya hayo, kila Wasiddi wanapotajwa katika kumbi za Kiswahili hutajwa kwa namna moja tu. Mazungumzo huanzia kwenye ngoma yao iitwayo goma na kuishia papo hapo. Msomi hulishangilia neno hilo kama mtu aliyeokota pete yake iliyopotea miaka mingi, hulitia katika orodha ya ithibati za kuenea kwa Kiswahili ulimwenguni, kisha huwapa Wasiddi wenyewe kisogo. Makala haya yanashikilia kwamba mtazamo huo unawapunja Wasiddi na unakipunja Kiswahili pia. Wasiddi si makumbusho ya lugha. Ni watu walio hai, na utamaduni wao unastahili kusomwa kwa jinsi wanavyouishi wao.

Kwanza, ni muhimu ieleweke kuwa Waafrika hawakufika India kwa njia moja wala kwa wakati mmoja. Wapo waliofika karne nyingi zilizopita wakiwa askari, wengi wao kutoka Uhabeshi. Malik Ambar, aliyezaliwa huko mnamo 1548 hivi na kuuzwa utumwani angali mdogo, alipanda ngazi hadi akawa mtawala halisi wa usultani wa Ahmadnagar. Mnamo 1610 aliuanzisha mji wa Khadki, uliokuja kuitwa Aurangabad, na kwa miaka mingi aliwazuia Wamughali kuiteka milki hiyo hadi alipofariki mnamo 1626. Msikiti wa Sidi Saiyyed mjini Ahmedabad, uliojengwa mnamo 1573, ungali unawavutia wageni kwa madirisha yake ya mawe yaliyochongwa mithili ya matawi ya mti. Hali kadhalika, watawala Wasiddi wa Janjira waliishikilia ngome yao ya baharini kwa karne kadhaa, Wamaratha wasifaulu kuiteka, hadi dola hiyo ndogo ilipounganishwa na India huru mnamo 1948.

Kundi jingine lilifika baadaye, hasa katika karne za 18 na 19, likiwa la watumwa kutoka pwani ya Afrika Mashariki na Msumbiji. Walisafirishwa kwa majahazi ya Waarabu na ya Wagujarati, na kwa meli za Wareno. Inaaminika kuwa wengi wa mababu wa Wasiddi wa Karnataka walitoroka kutoka Goa, iliyokuwa koloni ya Wareno, wakajificha katika misitu ambamo vizazi vyao vinaishi hadi leo. Kwa hivyo, anayetaka kuwapa Wasiddi wote asili moja, iwe ya Kihabeshi au ya Kiswahili, anaifupisha historia ndefu ili itoshe katika sentensi moja.

Ni hapa ambapo furaha ya msomi wa Kiswahili inapaswa kupungua kidogo. Wengi wa mateka waliouzwa kupitia pwani hawakuwa Waswahili. Walikuwa Wayao, Wamakua na watu wa kando ya Ziwa Nyasa, na kila mmoja alikuwa na lugha yake kabla hajasikia neno moja la Kiswahili. Kiswahili walikutana nacho njiani: msafarani, katika masoko ya Kilwa na Unguja, na forodhani. Huenda ndiyo lugha iliyowawezesha mateka wa makabila mbalimbali kuliliana na kufarijiana. Hata hivyo, ilikuwa pia lugha ya aliyewahesabu vichwa na kutaja bei. Anayelidai neno lililosalia Gujarat kuwa mali ya Waswahili, bila kulikumbuka hilo, anafanana na mrithi anayekimbilia mirathi kabla ya deni la marehemu kulipwa. Sheria ya mirathi inajulikana: deni hutangulia.

Sasa litazamwe hilo goma lenyewe. Katika kijiji cha Ratanpur, wilaya ya Bharuch, juu ya kilima kuna ziara ya Bava Gor, walii ambaye Wasiddi wa Gujarat humhesabu kuwa babu yao. Pamoja naye wanaheshimiwa nduguye, Bava Habash, na dada yao, Mai Mishra. Masimulizi ya jamii hiyo yanaeleza kwamba Bava Gor alitumwa kulikomesha zimwi la kike lililokuwa likiwatesa watu, na kwamba kazi hiyo haikukamilika hadi Mai Mishra alipofika na kulishinda. Ni ngano inayostahili kuwekwa mbele ya wanafunzi wa fasihi simulizi, maadamu shujaa wake wa mwisho ni mwanamke. Hadi leo wanawake wanaotamani watoto humwendea Mai Mishra kumwomba.

Bava Gor huhusishwa pia na mawe ya akiki yanayochimbwa katika eneo hilo. Akiki hiyo ilichongwa ushanga katika mji wa Khambhat, na kwa karne nyingi ushanga huo ulivushwa bahari na kuuzwa pwani ya Afrika Mashariki. Kumbe bahari iliyowaleta mababu wa Wasiddi ndiyo hiyo hiyo iliyoyapeleka mawe ya walii wao Afrika.

Wanaozuru mahali hapo si Waislamu peke yao. Huenda Wahindu, na Waparsi pia. Watumishi wa ziara ni Wasiddi, ambao kwa mapokeo yao ni mafakiri wa Bava Gor. Katika jamii inayowapanga watu kwa tabaka na kuwabagua wengi kwa weusi wa ngozi, hili si jambo dogo. Mtu ambaye sokoni hutazamwa kwa dharau kwa sababu ya rangi na nywele zake, hapa ndiye anayeombwa dua na wakubwa. Baraka za walii zimemtengea nafasi ambayo tabaka lilimnyima. Mtaalamu wa Kijerumani Helene Basu, aliyeishi na jamii hiyo na kuiandikia kwa miaka mingi, alilieleza jambo hili kwa kina.

Goma, ambayo pia huitwa dhamal, ni sehemu ya ibada hiyo. Huchezwa wakati wa urs, yaani maadhimisho ya kila mwaka ya walii, na katika shughuli nyingine za nadhiri na shukrani. Ipo ngoma kubwa ya kusimama iitwayo mugarman, ipo nyingine iitwayo musindo, na upo uta wenye kibuyu uitwao malunga. Sikio la Mswahili hukimbia mara moja kutoka musindo hadi msondo, au hadi mshindo. Yamkini sikio hilo halikosei. Lakini kwa mchezaji wa Ratanpur jambo kuu ni lile linalotendeka pale midundo inapozidi kasi: wachezaji hupandwa na walii, na huo huwa ushahidi wa kuwapo kwake mbele ya waliokusanyika. Ngoma hapo ni dhikri. Anayeichukua silabi yake ya kwanza na ya pili na kuiacha dhikri ameokota ganda na kutupa nazi.

Nazi yenyewe imeingia katika kisa kingine. Karibu na msitu wa Gir, ambako watalii huja kuwaona simba, vikundi vya Wasiddi huchezea wageni dhamal katika hoteli. Huvaa manyoya ya tausi, hujichora nyuso, na kilele cha onyesho ni mchezaji kuirusha nazi juu na kuipasua kwa kichwa. Wageni hupiga makofi na kusema wameiona Afrika. Si haki kuwalaumu wachezaji, kwa maana ujira huo huwalisha watoto wao, na ustadi ni ustadi. Ila ni haki kuuliza iwapo msomi anayemtembelea Msiddi ili asikie maneno matatu ya Kiswahili anatofautiana sana na mtalii yule. Wote wawili wamemwendea mtu wakimtaka awe Afrika kwa niaba yao.

Huko Karnataka maisha ya Wasiddi yanabatilisha mtazamo huo kabisa. Miongoni mwao kuna Wahindu, Waislamu na Wakristo Wakatoliki. Katika nchi ambamo mipaka ya dini imemwaga damu mara nyingi, Wasiddi wa dini hizo tatu huoana, hualikana katika sherehe na huhesabiana kuwa ndugu. Kinachowaunganisha kuliko dini ni heshima kwa hiriyaru, yaani wazee waliotangulia. Neno hilo ni la Kikannada wala si la Kibantu. Je, heshima hiyo kwa wahenga ilitoka Afrika, au walijifunza kwa majirani zao wa msituni, au ni yote mawili? Swali ni zuri, lakini Msiddi anayewakumbuka wazee wake hasubiri jibu lake ndipo atimize wajibu wake.

Wanawake wa jamii hiyo ni mabingwa wa kushona matandiko yaitwayo kavand. Huchukua nguo kuukuu za familia, wakazikata na kuzishonea tabaka juu ya tabaka kwa mkono, wakianzia pembezoni na kuelekea katikati. Kwenye pembe nne huwekwa vipande vidogo viitwavyo phula, maana yake maua. Kavand isiyo na maua hayo huhesabiwa kuwa haijakamilika. Ni kama mtu aliye uchi. Anayeijua leso na pindo lake ataelewa mara moja uzito wa kauli hiyo. Hapa pana sanaa inayoweza kusomwa kwa nadharia yoyote ya semiotiki inayofundishwa vyuoni, ilhali haina hata neno moja la Kiswahili ndani yake. Labda ndiyo sababu haijawahi kutajwa na wanaotafuta maneno.

Mtazamo wa kumwona Msiddi kama mabaki ya Afrika haukuishia kwenye vitabu. Uliwahi kugeuzwa kuwa sera. Mnamo 1987 mamlaka ya michezo ya India ilianzisha mpango wa kuwasaka vijana Wasiddi na kuwafunza riadha, kwa imani kwamba asili yao ya Kiafrika ingeiletea nchi medali. Vijana walitolewa vijijini wakapelekwa kambini. Baadhi yao walifanya vyema na kushinda, lakini mpango ukasitishwa mnamo 1993, na wengi wakarejea kwenye mashamba na misitu waliyotoka. Mkenya anapaswa kulisoma tukio hilo kwa makini, maana naye amezoea kuambiwa ughaibuni kuwa bila shaka anajua kukimbia. Mtu akishapewa asili kuwa ndiyo thamani yake pekee, siku asili hiyo isipoleta medali hutupwa pamoja nayo.

Wasiddi wenyewe wamepigania jambo jingine. Katiba ya India huyapa makabila yaliyoorodheshwa rasmi haki maalumu za elimu, ajira na uwakilishi. Wasiddi wa Uttara Kannada waliingizwa katika orodha hiyo mnamo 2003, na baadaye haki hiyo ikapanuliwa hadi wilaya za Belagavi na Dharwad. Huko Gujarat, Wasiddi waliotajwa katika orodha ni wa wilaya za Saurashtra. Ratanpur haimo katika eneo hilo, ingawa ndiko aliko walii wao mkuu. Mipaka ya wilaya ndiyo iamuayo nani ni kabila na nani si kabila. Mnamo 2020 Shantaram Siddi aliteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria la Karnataka, akawa Msiddi wa kwanza kuketi humo. Mnamo 2023 Hirabai Lobi wa Jambur alitunukiwa nishani ya Padma Shri kwa juhudi zake za kuwainua wanawake na watoto wa jamii yake. Hao wawili hawakudai watambuliwe kuwa Waafrika. Walidai haki za raia wa India.

Yupo atakayepinga akisema kwamba kutafuta maneno si kosa. Atasema kuwa watumwa hawakuandikiwa majina, hawakuacha shajara wala barua, na kwamba neno lililosalia mdomoni ndiyo hati pekee waliyoiacha. Hoja hii ina nguvu, na haifai kupuuzwa. Abdulaziz Lodhi, mwanaisimu mzaliwa wa Zanzibar aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Uppsala nchini Sweden, aliuchunguza ushahidi wa kiisimu wa asili ya Kibantu ya Wasiddi, na kazi ya aina hiyo ni ya lazima. Bila isimu, sehemu hii ya historia ingebaki mikononi mwa madaftari ya wauzaji. Kinachopingwa hapa si utafiti huo bali uvivu wa kuukomea. Neno likishapatikana, utafiti ndiyo kwanza umeanza: nani hulitamka, wakati gani, mbele ya nani, na limembebea nini katika nchi iliyompokea kwa shingo upande?

Uzito wa jambo hili huonekana wazi picha inapogeuzwa. Kutoka Gujarat hiyo hiyo walikuja wengi wa mababu wa Wahindi wa Kenya. Mnamo Julai 2017 serikali ya Kenya iliwatangaza Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44 la nchi. Je, msomi wa Ahmedabad akija Mombasa, akahesabu maneno ya Kigujarati yaliyosalia katika familia moja ya huko, kisha akaondoka akitangaza kuwa amegundua kipande cha Gujarat, familia hiyo haitakuwa na la kumjibu? Aidha, Kiswahili chenyewe kina "gari", "bima", "laki" na "pesa", maneno yaliyovuka bahari ile ile. Hakuna Mswahili atakayekubali kwamba kwa sababu hiyo lugha yake ni tawi la India. Haki hiyo anayojipa yeye, Msiddi naye anastahili kupewa.

Pwani ya Kenya ina funzo lake la karibu zaidi. Mnamo 1875 wamishenari walianzisha makazi ya Freretown, Mombasa, kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Miongoni mwa waliohudumu huko walikuwamo Waafrika waliokuwa wamekombolewa baharini, wakapelekwa India na kulelewa Nashik, kisha wakavushwa tena hadi Afrika Mashariki. Walijulikana kama Waafrika wa Bombay. Walirudi katika bara la mababu wakiwa Wakristo waliosoma, wenye Kiingereza na lugha za India vinywani mwao. Kurudi hakukuwafanya wawe waliokuwa kabla ya kuuzwa. Ikiwa hata waliorudi hawakurejea vile vile, vipi waliobaki watarajiwe kuwa hawakubadilika?

Idara za Kiswahili basi zina kazi iliyo wazi. Mafunzo ya fasihi simulizi yanaweza kuingiza visa vya Bava Gor na Mai Mishra kama fasihi hai ya Bahari ya Hindi, si kama kiambatisho cha historia ya utumwa. Wanafunzi wanaotaka kwenda Gujarat au Uttara Kannada wajifunze kwanza Kigujarati au Kikonkani, maana nyumba usiyolala ndani huijui ila yake, na lugha ndiyo mlango wa nyumba hiyo. Fauka ya hayo, historia ya Kiswahili ifundishwe pamoja na aibu yake: kwamba lugha hii ilitungiwa tenzi na pia ilinadia watu.

Alhasili, methali iliyotangulia makala haya inahitaji kufafanuliwa upya pale inapowafikia Wasiddi. Wao hawakuacha asili. Asili ilikatwa kwao kwa nguvu, nao wakashona nyingine kwa vipande walivyokuwa navyo, kama vile mama zao wanavyoshona kavand. Kipande kimoja kinaitwa goma. Anayekichomoa ili akipeleke kwenye maonyesho ya Kiswahili atakuwa amelitoboa tandiko ambalo watu wangali wanajifunika.